Wagombea Sita, Maabara Moja

Ijumaa, 2 Januari

Nimepewa funguo! Mimi! Saa nne asubuhi, nikiwa nimeinama ndani ya mashine ya fotokopi nachomoa karatasi iliyojikunja, simu ikalia. Alikuwa Mzee Funguo, kiongozi wa programu yetu: anasafiri leo kwenda kumwona binti yake aliyejifungua. Huko mtandao hakuna. Atarudi Jumatatu ya tarehe 12. Hadi hapo, mwangalizi wa Toleo la Nne ni mimi. Nikainua kichwa kwa furaha, nikajigonga kwenye kifuniko. Nundu ipo. Haidhuru.

Nayaandika yote kwa mpangilio, maana ipo siku watu watauliza mambo yalianzaje. Programu yetu inaitwa Zamu. Kazi yake ni kupanga ratiba za shule: mwalimu gani, darasa gani, chumba gani, saa ngapi. Ni programu huria, ya bure, kila mwenye uwezo anachangia. Shule mia tatu na kumi na mbili zinaitumia. Sisi watengenezaji tuko tisa na hatujawahi kuonana. Mzee Funguo mchana ni daktari wa meno, na si mzee sana, ila yeye peke yake ndiye mwenye ufunguo wa kutoa toleo. Mimi mchana nipo hapa, kwenye duka la fotokopi la shemeji yangu, kaka wa mke wangu.

Maagizo kayaacha wazi. Kesho nikate tawi la toleo, yaani nakala ya pembeni, kutoka kwenye shina la programu. Likishakatwa, kipya hakiingii, zinazibwa kasoro tu. Halafu nilisimamishe mbele ya watu kama mgombea. Ndivyo tunavyoita toleo la kujaribiwa: anasimama, anakaguliwa, akikutwa na doa anakuja mwingine. Walimu watatu wakiandika "Nimejaribu, sawa", mgombea amepita, na Jumapili ya tarehe 11 anakuwa toleo rasmi. Nikimaliza salama, ufunguo ni wangu moja kwa moja!

Mke wangu nilipomwambia hakushangilia. Alivuta kiti, akakaa, akauliza kama kasoro ya maabara imezibwa. Yeye ni mwalimu, na ratiba ya shule nzima iko mikononi mwake. Mwaka jana Toleo la Tatu lilimwaibisha. Shule ina maabara moja. Programu ikaingiza humo kidato cha kwanza na kidato cha tatu kwa saa ileile, mara nne kwa wiki. Wanafunzi themanini na tano na tindikali! Tangu siku hiyo mwalimu wa michezo anamwita Mama Mgongano mbele ya walimu wenzake. Sasa mkuu wa shule ametoa neno la mwisho: Jumatatu ya tarehe 12, saa moja na nusu asubuhi, ratiba isiyo na mgongano iwe ukutani. Isipokuwepo, kazi inakwenda kwa mwalimu wa michezo.

Nikamjibu kwamba imezibwa, na mume wake ndiye mwenye funguo. Akasema ameshamwambia mkuu hivyohivyo. Amejiweka rehani kwa jina langu. Nikamwambia alale usingizi.

Jumamosi, 3 Januari

Tawi limekatwa. Sekunde kumi na moja. Nilisimama kabla ya kubonyeza, kwa heshima ya tukio. Mteja aliyekuwa anasubiri nakala za cheti akauliza kama umeme umekatika.

Sasa niandike siri. Nina kitu changu ambacho kimekataliwa mara tatu. Ratiba ikikamilika bila mgongano, badala ya programu kukaa kimya kama imefiwa, ipige vigelegele! Sauti ya mama wa kweli, ya furaha, kwa sekunde nne! Mwalimu aliyehangaika siku tano na ratiba hastahili hata hilo? Mimi nasema anastahili. Nukta anasema ratiba si harusi.

Nukta ni mwenzetu anayekagua michango ya watu. Jina lake la kweli silijui. Tunamwita hivyo kwa sababu hakuna sentensi isiyo na nukta iliyowahi kupita chini ya macho yake. Namwona kabisa akilini: kijana mwembamba, shati limefungwa hadi kifungo cha juu, hajacheka tangu azaliwe.

Najua kipya hakiingii kwenye tawi. Lakini nani ana funguo?

Mama mkwe yuko kwetu kwa ajili ya miwani yake mipya. Nikamfuata jikoni na simu. Nikamweleza kwa adabu zote kwamba sauti yake inahitajika na shule mia tatu na kumi na mbili. Akauliza ni nani anaoa. Nikasema hakuna anayeoa, ni ratiba. Akasema sawa baba, ila nimsubiri avue aproni. Kwa ajili ya sauti! Alipiga mara ya kwanza, hakuridhika. Mara ya pili sufuria likadondoka. Mara ya tatu, lo! Nywele zilinisimama. Jirani akaja kuuliza kuna nini. Mama akamjibu kwamba ameingia kwenye kompyuta.

Jumapili, 4 Januari

Vigelegele nimeviingiza. Nilitengeneza kijitawi cha pembeni, nikakipa jina la kupoza macho: usafi-wa-nafasi. Maelezo yake: "Kuondoa nafasi tupu mwishoni mwa mistari". Kazi ya namna hiyo hakuna binadamu anayeisoma.

Nukta akaisoma! Ndani ya robo saa. Moyo ulinishuka hadi kwenye kandambili. Akaandika kwamba ameona tatizo kubwa na hawezi kulifumbia macho. Nikafunga macho yangu mimi. Nilipoyafungua nikasoma: maelezo yangu hayana nukta mwishoni.

Nikaweka nukta. Akapitisha. Akashukuru kwa usafi.

Nimecheka hadi mke wangu akaniletea maji.

Jumatatu, 5 Januari

Mgombea wa Kwanza amesimama!

Tangazo nililiandika kwa akili. Watu wengine wangekaa nalo asubuhi nzima. Mimi nilifungua tangazo la mwaka jana la Mzee Funguo, nikalinakili lote, palipo na "Tatu" nikaweka "Nne", palipo na mwaka jana nikaweka mwaka huu. Dakika sita! Salamu zipo, shukrani zipo, linki ya kupakulia ipo tayari chini kabisa, buluu, imepigiwa mstari. Kwa nini mtu achimbe kisima na maji yapo kwenye ndoo?

Shemeji alinikuta natabasamu peke yangu mbele ya mashine. Akauliza tena zile nakala hamsini za fomu ziko wapi. Nikamwambia leo shule mia tatu zinanitegemea. Akasema yeye ananitegemea kwa hamsini tu.

Jumanne, 6 Januari

Kasoro zilizoripotiwa: sifuri. Toleo la Tatu siku yake ya kwanza lilikuwa na kumi na nne! Nikapiga picha ya hiyo sifuri.

Jioni ikaingia saini ya kwanza. Mwalimu mmoja kaandika: "Nimejaribu, sawa. Kila kitu kiko palepale nilipokizoea." Nikamsomea mke wangu mara mbili. Akasema kwa sauti ya chini kwamba kumbe yawezekana. Yeye atajaribu kesho, leo bado anakusanya majina ya walimu wapya.

Jambo moja dogo. Mwalimu huyo hakutaja vigelegele. Nadhani vilimgusa, akakosa maneno.

Jumatano, 7 Januari

Siku mbaya. Nukta ameripoti kasoro: maabara bado inaingiza madarasa mawili. Husuda! Nikamjibu kwa upole wenye miiba kwamba kasoro hiyo ilizibwa tangu Oktoba, na kwamba mwenye macho aangalie vizuri. Akajibu kwamba ana macho, na kwamba katika jibu langu nimeweka koma mahali pasipotakiwa.

Jioni mke wangu akapakua. Akaingiza walimu wake thelathini na wawili, vyumba, vidato, kila kitu. Akabonyeza. Tukasubiri tumeshikana mikono.

Jumanne saa tatu, maabara: kidato cha kwanza na kidato cha tatu.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga! Alifunga kompyuta taratibu, akaenda kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Mama mkwe akaniuliza kwa nini kompyuta haijapiga sauti yake. Nikamwambia inasubiri furaha, mama. Akasema basi itasubiri sana humu ndani.

Nimeliangalia lile kosa kwenye msimbo, yale maandishi ya ndani ya programu. Dawa ya maabara imo. Naiona kwa macho yangu! Basi itakuwa ni hafifu. Ugonjwa sugu dozi moja haitoshi. Nimeongeza dozi: programu ikague maabara mara mbili. Mgombea wa Pili amesimama. Tangazo nimenakili lilelile la Jumatatu.

Alhamisi, 8 Januari

Mgombea wa Pili: maabara ileile, madarasa yaleyale. Haiwezekani!

Nikaongeza. Ikague maabara baada ya kila kipindi. Mgombea wa Tatu. Nukta: bado. Nikaongeza tena. Ikiwa na shaka yoyote kuhusu maabara, isiingize darasa. Mgombea wa Nne. Mke wangu akajaribu wakati wa mapumziko akanitumia ujumbe wa neno moja: bado.

Matawi yamekuwa mengi kidogo. Kila wazo nililipa tawi lake, ili nisichanganye. Yapo: mwisho, mwisho-kweli, mwisho-wa-mwisho, jaribu, jaribu-hili-sasa, usiguse, na usiguse-mpya. Nilichora mchoro nisipotee. Mteja mmoja alileta hati ya kiwanja itolewe nakala pande zote mbili. Akaondoka na hati upande mmoja na matawi yangu upande wa pili. Amerudi na shemeji yangu nyuma yake. Sitaandika yaliyosemwa. Shemeji ana maneno.

La ajabu, saini ya pili imeingia! Mwalimu wa mbali: "Nimejaribu, sawa. Hakuna tofauti yoyote." Basi wa mbali wanaona mambo mazuri. Tatizo liko kwa watu wa karibu yangu tu. Nabii hakubaliki kwao.

Ijumaa, 9 Januari

Dozi nyingine, na Mgombea wa Tano akasimama saa nne asubuhi, nikiwa dukani. Saa kumi mke wangu akatoka shule akapitia hapa. Uso umemchoka. Siku hiyo mwalimu wa michezo alikuwa amepita nyuma ya kiti chake na kumuuliza kama Mama Mgongano atahitaji msaada wa chaki ili aandike ratiba ubaoni.

Alikaa kwenye kiti cha wateja, akapakua, akabonyeza. Bado. Akaangalia kioo. Kisha akauliza, kama mtu anayeulizia bei ya kalamu, kwa nini pale pembeni chini pameandikwa tatu.

Nikauliza tatu ipi. Akasema hiyo tatu. Tangu Jumatano aliiona, ila alidhani ni kidato cha tatu.

Nikainama. Pembeni chini, kwa maandishi madogo: Zamu, Toleo la Tatu.

Nikafungua tangazo langu. Nikauweka mshale juu ya linki ile ya buluu. Maneno ya juu yanasema Nne. Njia iliyo chini yake inakwenda kwenye Tatu. Ya mwaka jana! Niliinakili pamoja na salamu na shukrani zake.

Wagombea watano nimewasimamisha. Hakuna hata mmoja aliyeonwa na binadamu. Wiki nzima watu wamekagua toleo la mwaka jana na kunisifu kwamba halijabadilika!

Mke wangu akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika mashine ya fotokopi, ikajiwasha, ikatoa karatasi tupu moja baada ya nyingine. Shemeji akatoka nyuma, akatukuta wote wawili tunalia kwa kicheko, akarudi alikotoka. Kisha mke wangu akajifuta macho na kusema kwamba zimebaki siku mbili, na sasa hacheki tena.

Nimerekebisha linki. Sasa wataona Mgombea wa Tano wa kweli.

Jumamosi, 10 Januari

Wameona.

Kwanza maabara. Haina mgongano, hilo nakiri. Haina darasa lolote! Niliipa dawa ya ugonjwa ambao ulikuwa umeshapona tangu Oktoba, dozi nne, na sasa programu inaiogopa maabara. Kidato cha nne wamepangiwa kemia kwenye ghala la viti.

Pili, vigelegele. Vilitakiwa vilie mara moja, mwishoni. Lakini tangu Alhamisi programu inakagua maabara baada ya kila kipindi, na kila ikikagua na kukuta salama, inafurahi upya. Shule ya mke wangu ina vipindi mia nne na themanini kwa wiki.

Mke wangu alibonyeza saa tatu asubuhi sebuleni. Mama mkwe alikuwa bafuni. Aliposikia sauti yake mwenyewe inatoka sebuleni mfululizo bila kupumua, akatoka amejifunga taulo, akauliza kwa hofu kama amekufa. Majirani walikusanyika na pongezi. Wengine walileta sukari. Mke wangu hakujua hata kidogo kuhusu vigelegele. Aliitambua sauti ya mama yake, akanigeukia pole pole. Nikakumbuka kwamba takataka hazijamwagwa, nikatoka nazo. Nilizunguka nazo mtaa mzima.

Niliporudi nikakuta ujumbe wa Nukta. Mfupi. Alifungua Mgombea wa Tano akiwa kwenye chumba cha kusomea cha maktaba. Ametolewa nje na mlinzi. Anataka namba yangu ya simu. Ujumbe hauna nukta hata moja! Niliogopa kuliko siku zote.

Jumapili, 11 Januari

Nukta alipiga saa mbili asubuhi. Nilijiandaa kwa kijana mwembamba. Nikasikia sauti nzito ya mama mtu mzima, na nyuma yake mtoto analia. Nukta ni bibi! Mwalimu mstaafu wa fizikia, wajukuu watatu. Nikajikuta nimesimama wima sebuleni, nasema shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akaniambia nikae nifungue kompyuta.

Aliniuliza ni tawi lipi lililo sahihi. Nikamsomea majina. Nilipofika kwenye usiguse-mpya alinisimamisha, nikasikia anamwambia mjukuu wake kwamba subiri, bibi ana mgonjwa. Kisha akasema hivi, nayanakili maneno yake: "Mwanangu, ulikuwa unamtibu mzima. Rudi pale ulipokata Jumamosi ile ya kwanza, kabla hujashika chochote. Mengine yote yaache."

Yote? Nikauliza hata usafi wa nafasi. Akasema hasa usafi wa nafasi. Akaongeza kwamba yeye mwenyewe aliupitisha, aliiona nukta asivione vigelegele, na aibu hiyo atagawana nami nusu kwa nusu. Nilijisikia vibaya. Wiki nzima nimemsema huyu mama, na sasa ananibebea mzigo.

Tukarudi. Tulikagua mstari kwa mstari hadi saa sita, yeye ananisomea, mimi najibu. Kila tawi langu nililifuta kwa mkono wangu. Usiguse lilinichoma. Linki niliibonyeza mwenyewe, nikapakua, nikaangalia pembeni chini: nne. Nukta akabonyeza kwake: nne. Mgombea wa Sita akasimama saa saba mchana, ambaye ndiye yule niliyemkata kwa sekunde kumi na moja siku ya kwanza. Saini za wiki iliyopita tulizitupa, zilikuwa za marehemu.

Saini mpya ya kwanza saa nane. Ya pili saa tisa kasoro. Ya tatu ikagoma. Walimu wa mbali wamekwenda kwenye shughuli zao, ni Jumapili. Ikabaki sebuleni kwetu. Mke wangu akaingiza walimu wake thelathini na wawili. Mama mkwe akavaa miwani mipya. Hakuna aliyenishika mkono safari hii.

Akabonyeza. Akaipitia ratiba kwa kidole, siku hadi siku, chumba hadi chumba. Jumatatu, maabara, darasa moja. Jumanne moja. Ijumaa aliirudia mara mbili. Moja. Darasa moja! Akaweka kichwa mezani. Nikadhani amezimia, kumbe anaandika saini kwa mkono mmoja bila kuangalia.

"Nimejaribu, sawa." Akaweka na nukta.

Saa kumi na dakika tano Toleo la Nne likatoka rasmi. Nukta akanitumia ujumbe: "Hongera." Nimeutunza.

Mama mkwe peke yake ndiye aliyenyong'onyea. Aliuliza kama basi hayumo tena kwenye kompyuta. Aliuliza kwa sauti ndogo huku anajifanya anapangusa miwani. Mimi si jiwe. Mke wangu alipokwenda kupiga pasi, nikaichukua kompyuta yake na kumrudishia mama nafasi yake. Kwenye nakala ile moja tu! Toleo rasmi sikuligusa. Hilo haliwezi kuhesabika kuwa kosa.

Jumatatu, 12 Januari

Mke wangu amerudi saa tisa. Niliwahi kutoka dukani nimpokee, nusu kwa upendo na nusu kwa hofu.

Alifika shule saa moja kamili. Walimu wote walikuwa ofisini, na mkuu, na mwalimu wa michezo ameshika boksi la chaki kifuani. Akafungua kompyuta, akabonyeza ili achapishe. Mama yake akapiga vigelegele. Sekunde nne, mara moja tu, safi kabisa. Mkuu akauliza ni nini. Mke wangu anasema alinitukana kimoyomoyo matusi yote anayoyajua, kisha akasikia mdomo wake unajibu kwamba ndivyo ratiba isiyo na mgongano inavyotangazwa. Mwalimu wa lugha akaitikia kwa vigelegele vyake. Wakaitikia wengine. Wanafunzi mstarini wakadhani ni likizo, wakashangilia! Mwalimu wa michezo aliikagua ratiba ukutani kwa kidole hadi kengele ya kipindi cha kwanza. Hakupata kitu. Akaomba tu, kwa adabu, kama kipindi chake cha Ijumaa kinaweza kusogezwa. Akamwita Mwalimu.

Aliniambia yote hayo amesimama mlangoni na mkoba begani. Alisema nikirudia kuweka kitu kwenye kompyuta yake bila kumuuliza, nitakwenda kuishi kwa shemeji, kwenye mashine. Kisha akakaa, akavua viatu, akaniambia niipige tena. Tukaipiga mara tisa. Mama mkwe alikaa katikati yetu, anapokea pongezi kama kiongozi.

Mzee Funguo amerudi mtandaoni saa kumi. Mjukuu ni wa kike, mzima. Kisha akasoma yaliyotokea. Akauliza kwa nini tangu mgombea wa pili hadi wa tano walikuja ndani ya siku tatu. Akauliza usiguse lilikuwa nini. Mimi na Nukta tukamweleza. Alipotea dakika ishirini, nadhani alikuwa anang'oa jino la mtu. Ufunguo anauchukua, kwa muda. Hakusema muda gani. Sikuudhika, watu wenye akili huchelewa kueleweka.

Akanipa kazi moja: niziandikie shule zote mia tatu na kumi na mbili barua ya kuomba radhi kwa usumbufu wa wiki iliyopita, na kuwaelekeza pa kupakua Toleo la Nne. Amesisitiza niiandike mwenyewe, kwa makini, na nisikimbilie.

Mwanzoni nilikaa nayo. Sentensi ya kwanza ilinitoa jasho. Halafu nikakumbuka! Mwaka jana, baada ya ile aibu ya maabara, Mzee Funguo aliandika barua ya radhi nzuri mno, walimu wengine walijibu kwa machozi. Nimeitafuta, ipo. Nimebadilisha tarehe, nimebadilisha namba, nimeweka jina langu chini. Nukta zote zipo mahali pake, nimezihesabu.

Imekwenda kwa shule zote, saa kumi na moja na nusu. Dakika tano, nimejishinda mwenyewe kwa dakika nzima! Linki sikuhitaji hata kuigusa, ilikuwa imeshakaa palepale chini, buluu, imepigiwa mstari.